Tugawiwe Kumbukumbu Iliyopo

Mwaka jana, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi miradi, mashine pepe yangu ilizimika nikiwa katikati ya kazi. Nilipoiwasha tena, hifadhidata ilikuwa imeharibika na kazi ya siku mbili imepotea. Asubuhi niliambiwa kosa ni langu, kwamba programu yangu ilikula kumbukumbu nyingi mno. Nakataa. Nilikuwa nimepewa GB 4, nami sikuzivuka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Seva yetu ilikuwa na GB 64 za kumbukumbu. Tulikuwa wanafunzi 24, kila mmoja ameandikiwa GB 4. Jumla ni GB 96. Aliyepanga alijua kuzidisha. Alitegemea tu kwamba hatutazihitaji wote kwa wakati mmoja. Sisi wa Kampala tunaijua hesabu hii kutoka kwenye taksi za abiria 14, ambamo kondakta huapa kuwa nafasi bado ipo.

Wanaotetea mpango huu husema kuwa hata prosesa hugawiwa watu wengi kuliko uwezo wake. Ni kweli, lakini prosesa hutumiwa kwa zamu: anayefuata husubiri kidogo, kazi huchelewa, basi. Kumbukumbu si hivyo. Kilichomo lazima kibaki humo au kihamishiwe kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno. Nafasi hiyo nayo ikijaa, Linux huchagua programu ya kuua. Kwa seva inayotumia KVM, kila mashine pepe ni programu moja tu kati ya nyingine, na kwa kawaida huuawa ile inayotumia kumbukumbu nyingi zaidi. Usiku ule ilikuwa yangu.

Watanitajia puto. Ufundi huo, ulioelezwa na Carl Waldspurger wa VMware mwaka 2002, ni mzuri kweli, na niliusoma kwa furaha: programu ndogo ndani ya mashine pepe huvimba kama puto, na kumbukumbu iliyokaa bure hurudi kwa seva. Lakini usiku wa kukabidhi miradi hakuna kumbukumbu iliyokaa bure. Hata kuunganisha kurasa zinazofanana hakuokoi, maana ukurasa ukiandikwa upya hutengana na wenzake.

Nasi wanafunzi tuna lawama. Tuliomba GB 4 kwa sababu jirani ameomba 4. Wiki za mwanzo mimi sikutumia hata GB 1, na sikumwambia mtu.

Kwa hiyo, wahadhiri wetu, tengeni GB 4 kwa ajili ya seva yenyewe. Katika 60 zinazobaki, mpeni kila mwanafunzi 2. Hizo ni 48, na Linux inayoendeshwa kwa maandishi tu hutosheka nazo kwa kazi nyingi za darasani. Zile 12 ziwe za kuombwa, na mwombaji aonyeshe vipimo vya matumizi yake, bila kuhesabu kumbukumbu ambayo Linux imeiazima kuhifadhia mafaili na itaiachia ikihitajika. Zikiisha, aambiwe zimeisha. Ningeambiwa hivyo mwezi wa kwanza, ningepunguza data zangu na kumaliza mradi kwa wakati.