Simu ya Katibu si Mali Yake Peke Yake



Enzi za akina Fred Kubai na Makhan Singh, waliokamatwa mwaka 1950, mambo ya chama yalikaa katika daftari na katika vichwa vya watu. Leo yote yamo mfukoni mwa katibu wa tawi: majina, namba, nani amechanga ngapi kwa M-Pesa, nani amesema nini juu ya mgomo katika kikundi cha WhatsApp. Askari akiitwaa simu hiyo na kuifungua, ametwaa tawi zima.

Wako wasemao, “Mimi si mwizi, nifiche nini?” Maneno haya nayasikia sana pale karakana, nami siyakubali hata kidogo. Huna la kuficha, vema. Lakini yule kibarua aliyekuandikia usiku kwamba msimamizi amdai hongo, je? Yeye alikuamini wewe, hakumwamini askari wala bwana mkubwa.

Sitii watu hofu bure. Mwezi wa Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi kwa kudhaniwa kuwa na mkono katika filamu ya BBC juu ya vijana waliopigwa risasi penye Bunge mwaka 2024. Simu zao zikachukuliwa. Baadaye wataalamu wa Citizen Lab, wa Chuo Kikuu cha Toronto huko Kanada, walizichunguza baadhi yake wakakuta FlexiSPY, programu ya upelelezi, nao wakasema ilitiwa wakati simu zilipokuwa mikononi mwa polisi. Programu hiyo yaweza kusoma ujumbe na kuwasha maikrofoni, mwenyewe asijue.

Sisi wa reli tunajua behewa likifika na lakiri imevunjwa, hulipokei hivi hivi. Basi simu iliyotoka kituoni usiirudishe katika kazi ya chama mpaka fundi anayeaminika ameitazama. Ikiwezekana, nunua nyingine, hata iwe kabambe.

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chalinda mali na mawasiliano ya mtu yasipekuliwe ovyo, na Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 imeweka njia ya askari kuomba hati ya mahakama apekue yaliyomo. Kwa hiyo uliza hati, kwa adabu. Usipigane naye, usiivunje simu, usiseme uongo. Sema unataka wakili. Haki ya kunyamaza imo katika Kifungu cha 49.

Lakini Katiba haifungi simu. Namba ya siri yenye tarakimu nne ina njia 10,000 tu. Ya sita ina 1,000,000. Ya maneno marefu ni bora kuliko zote. Alama ya kidole ni rahisi kwako, na ni rahisi pia kwa anayekushika mkono kwa nguvu. Tena, simu za siku hizi zikizimwa kabisa, yaliyomo hubaki yamefungwa mpaka namba iingizwe, wala kidole hakikubaliwi mara ya kwanza. Simu iliyowaka, ingawa kioo kimefungwa, ni rahisi zaidi kwa mashine za wapelelezi. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwenye maandamano, au ukisikia mlango unagongwa usiku, izime. Ni kazi ya nukta chache.

Walakini ujumbe ambao haumo hauwezi kusomwa. Hapa ndipo chama chetu ni kizembe. Kwa nini orodha ya waliotia sahihi ya mgomo wa mwaka uliopita bado imo katika simu za watu sita? WhatsApp yenyewe ina njia ya kufuta ujumbe baada ya siku 7, na watu hawaitumii.

Nitaleta shauri hili katika mkutano wa tawi: kila mwenye cheo awe na namba ndefu, kikundi kifute ujumbe kila juma, na orodha ya wanachama ikae mahali pamoja, isiwe katika simu ya mtu yeyote, hata ya mwenyekiti. Mwenyekiti ameshaniambia hapendi. Na tupige kura.