BABA AACHE KULIPA LINI?

Ndugu Wanachama,

Siku ya mshahara mwezi uliopita nilikuwa nimeketi na mzee mmoja wa gangi yetu chini ya mti karibu na stesheni. Mzee huyu amebakiza miaka 2 tu astaafu. Alinionyesha karatasi yake ya mshahara, nami nikaona ya kuwa makato ya mkopo wa ushirika yamekula karibu yote. Nikamwuliza, "Mzee, mkopo huu ulijenga nini?" Akacheka kidogo, akasema, "Ulilipa kodi ya nyumba ya kijana wangu Nairobi." Kijana huyo ana miaka 31, na mke anaye. Kabla hatujainuka pale, simu ya mzee ikalia. Ni yule yule kijana. Stima imekatwa.

Siandiki haya kwa kumcheka mzee wangu. Naandika kwa sababu wako wengi kama yeye katika tawi letu, nao huona haya kusema. Mtu atasimama mkutanoni kupigania nyongeza ya mshahara, na nyongeza ikija inapita mkononi mwake kama maji, inakwenda kulipa deni la mtu mzima mwenye nguvu kuliko yeye.

Tukumbuke kwanza mshahara huu ulipatikanaje. Zamani za ukoloni mfanyakazi Mwafrika alilipwa kama kapera, hata kama ana mke na watoto 6. Watu wa bandari na wa reli waligoma Mombasa mwezi wa Januari 1947 kwa sababu ya taabu hizo. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilikubali ya kuwa mshahara wa chini ulihesabiwa kwa mahitaji ya mtu mmoja tu, ikapendekeza uhesabiwe kwa mtu mwenye familia. Basi wazee wetu walitaka mshahara wa kulisha mke, kusomesha watoto, na kuweka kidogo cha uzeeni. Hawakuomba mshahara wa kutunza wanaume wenye ndevu.

Hata sheria imejaribu kumlinda mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara, ili mtu arudi nyumbani na theluthi moja angalau. Theluthi hiyo mwajiri hawezi kuigusa. Lakini nani ataizuia isiguswe na mwana?

Wengine mtasema, "Wewe bado kijana, huna mtoto mkubwa, wajua nini?" Ni kweli. Watoto wangu wako shule ya msingi. Lakini mimi mwenyewe nimekuwa mtoto mkubwa, na habari hiyo naijua vizuri.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli pia. Mimi niliishia darasa la 8 katika shule ya misheni, kwa kuwa karo ya sekondari haikupatikana. Nikakaa kotani nikizunguka. Nilikuwa na miaka 20, nakula kwa baba, nalala kwa baba, na dukani nachukua sigara na soda naandikisha jina la baba. Siku moja baba alikwenda dukani akalipa deni lote. Kisha akamwambia mwenye duka mbele yangu, "Kuanzia leo usiandike jina langu kwa ajili ya huyu." Nilikasirika, jamani. Siku 3 sikusema naye. Siku ya 4 akanipa buti zake kuukuu, akasema gangi inataka vibarua wa kubeba mataruma. Sikupewa fedha, nilipewa buti. Na buti zile ndizo zilizonileta hapa nilipo.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili. Ndugu yangu mdogo alisoma mpaka chuo, nami sikuona wivu, maana ni fahari ya nyumba yetu. Alipomaliza hakupata kazi ya mezani. Baba alikuwa amestaafu, ana fedha zake za kiinua mgongo. Akaanza kumlipia kodi mjini, "kwa miezi michache tu, mpaka apate kazi." Miezi ikawa miaka 4. Nyumba ambayo baba alikuwa akijenga kijijini ikasimama kwenye linta, haina paa mpaka leo. Baba akaanza kuumwa na presha, naye akawa ananipigia simu mimi kuomba fedha za dawa. Nilituma kila mwezi bila kuuliza. Siku nilipouliza ndipo nilipofahamu: fedha za baba zilikwenda kwa kodi, na fedha zangu zilikwenda kwa baba. Maana yake mimi, kibarua wa mataruma wa zamani, ndiye niliyekuwa nikilipa chumba cha mjini, na watoto wangu walikwenda shule bila sweta.

Hilo ndilo jambo ambalo wazazi hawalioni. Mzazi adhani analipa yeye peke yake, na kumbe analipa mama, anayekosa paa. Wanalipa wale watoto wengine, ambao baadaye watamtunza mzee aliyeishiwa. Hata wenzetu kazini hulipa, kwa kuwa mkopo ukishindikana wadhamini ndio wanaokatwa.

Basi, mzazi aache lini? Sheria ya nchi yatuonyesha mahali pa kuanzia. Mtu akifika miaka 18 si mtoto tena. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yatambua ya kuwa mahakama yaweza kurefusha wajibu wa mzazi, kama vile kijana akiwa bado masomoni, au akiwa na ulemavu. Hiyo ni haki. Lakini sheria haikai nasi jikoni, kwa hiyo mimi naona hivi.

Kwanza, kijana akipata mshahara wake wa kwanza, hata ukiwa mdogo, bili zake ziwe zake. Akae katika chumba kinacholingana na mshahara wake, si cha mshahara wa babaye.

Pili, asiyepata kazi baada ya masomo apewe muda unaojulikana. Tarehe iandikwe, mama na baba wakiwapo wote wawili. Neno "mpaka apate kazi" si tarehe. Na katika muda huo kila mwezi msaada upungue.

Tatu, siku utakapolazimika kukopa ili umlipie mtu mzima aliye mzima wa mwili, siku hiyo muda umekwisha. Usikope.

Nne, deni la kamari ya mpira na mikopo ya simu usilipe hata mara moja. Ukilizima moja, umewasha mengine mawili.

Siwasemi wagonjwa, wala walemavu, wala binti aliyerudi nyumbani na watoto wake kwa kupigwa na mumewe. Hao ni wa kusaidiwa, na anayewafungia mlango si mzazi. Tena kuacha kulipa si kufukuza. Ugali wa nyumbani haukatazwi, na kitanda kipo. Anayerudi ale, alale, na asubuhi ashike jembe kama wengine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ikiwa mgeni hupewa jembe, mwana je?

Najua jibu la vijana: "Kazi hakuna." Nami sitawaita waongo. Nimeona vijana wenye vyeti wakisimama langoni tangu alfajiri kutafuta kibarua cha siku moja. Hapo chama chetu kina wajibu. Tuwadai waajiri nafasi za kujifunza ufundi katika karakana, na tuwadai kwa nguvu ile ile tunayodaia mishahara. Lakini kodi ya chumba cha mjini haizai kazi. Fedha za miezi 6 ya kodi zingeweza kununua vyombo vya kuchomea vyuma, au kumlipia mtu mafunzo ya udereva. Mpe buti, usimpe kodi.

Najua pia jibu la wazee: "Watoto ndio akiba yetu ya uzeeni." Ni kweli, na Katiba ya mwaka 2010 yasema mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa yake na Serikali. Lakini mtu ambaye hajawahi kubeba mzigo wake mwenyewe, ataubeba wako vipi?

Nyumbani kwetu tulikaa kikao. Baba aliweka tarehe, miezi 6, akaishika. Ndugu yangu alihama akaenda chumba cha bei nafuu, akaanza kwa kupakia mizigo, na sasa anauza katika duka la vifaa vya ujenzi. Sitasema mambo yote ni mazuri. Krismasi iliyopita hakuja nyumbani, na najua ni mimi anayenilaumu. Lakini mwezi uliopita alimtumia mama sukari na fedha za mabati 2. Mama alilia.

Wenzangu, yule mzee wa gangi yetu bado ana miaka 2. Miaka 2 yatosha kuezeka nyumba, au yatosha kulipa stima ya mtu mwingine. Naomba kamati ya tawi iliweke jambo hili katika mkutano ujao, na kila mwanachama kabla ya kumdhamini mwenzake aulize kwa upole mkopo ni wa nini. Swali hilo si dharau. Ndio udugu wenyewe.

Wenu katika umoja,
Mtu wa Gangi