Nani Atatuhesabia Mikarafuu Yetu?



Katika mkutano wetu uliopita lililetwa shauri kwamba Chama kinunue simu tatu, na vijana wetu watatu wapelekwe wakafundishwe kukusanya habari za mashamba kwa simu hizo badala ya karatasi. Shauri liliahirishwa. Nilisikia wazee wakinong'ona kuwa Katibu amepata wazimu wa vitu vya kisasa. Mkutanoni nilinyamaza, kwa kuwa kazi ya Katibu ni kuandika maneno ya wengine. Lakini katika gazeti letu nadhani ninayo haki ya kuandika yangu.

Kwanza niwasimulie yaliyonipata mwenyewe. Kabla sijashika kazi hii niliajiriwa wiki sita na watafiti fulani, nikapewa kishikwambi, nikapita nyumba hata nyumba nikiuliza maswali yaliyomo. Swali moja lilikuwa hili: unamiliki mikarafuu mingapi? Bibi mmoja mjane akanijibu, "Mwanangu, kumi na minne ni yangu, ardhi ni ya nduguze marehemu, na sita katika hiyo nimeiweka rehani mpaka msimu ujao. Sasa wewe wataka nikwambie mingapi?" Kishikwambi kilitaka tarakimu moja tu, na bila hiyo hakikukubali kwenda swali la pili. Nikaandika 14. Basi katika hesabu ya mtu fulani, mahali nisipopajua, bibi yule ana mali kuliko aliyo nayo, na mkono ulioandika ni wangu.

Mtu atasema, kumbe waona ubaya wake, mbona wavitetea? Navitetea kwa sababu kosa lile lingekuwako hata katika karatasi. Aliyelitunga swali hakupata kukaa barazani kwetu, na mimi niliyeijua habari ya rehani sikuwa na ruhusa ya kugeuza hata neno moja.

Tena karatasi ina makosa yake, na jambo hili lilipimwa papa hapa Pemba mwaka 2010. Watafiti Caeyers, Chalmers na De Weerdt walizigawa nyumba kwa kura: nyingine ziliulizwa kwa kalamu na karatasi, nyingine kwa kompyuta ndogo ya mkononi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Karatasi zilijaa makosa ambayo kompyuta huyazuia, maana mama akisemwa ana miaka 30 na mwanawe 25, kompyuta husimama na kuuliza palepale, mwenye habari angali mbele yako. Karatasi hukaa kimya mpaka ifike mjini. Zaidi ya hayo, katika karatasi matumizi ya watu yalionekana makubwa kuliko katika kompyuta, na kwa hiyo umaskini ukaonekana mdogo. Na makosa hayakuziangukia nyumba zote sawasawa. Yalifuatana na hali ya nyumba yenyewe. Mtafiti akizitupa karatasi mbovu, anatupa nyumba za namna fulani. Fikirini maana yake, sisi tunaolia kila mwaka kwamba hali zetu hazijulikani.

Sasa nivuke bahari kidogo. Kule Kagera kuna uchunguzi ulioanza mwaka 1991 kwa nyumba 915, wakati ukimwi ulipokuwa ukimaliza watu wa mkoa ule. Watu walewale walitafutwa tena mwaka 2004, na tena mwaka 2010, popote walipohamia, hata nyumba zikazidi 3,300 kwa kuwa watoto walikwisha oa na kuolewa. Katikati ya miaka hiyo ikaja dhoruba ya 1994, ambapo Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja tu. Warundi nao walikuja kwa wingi, na wengi wao wakawekwa katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara. Kwa sababu hesabu ya kwanza ilianza kabla ya wakimbizi, iliwezekana kujua ujio wao uliwafanyia nini wenyeji. Maystadt na Verwimp waliona kwamba vibarua wa mashambani ndio walioumia, maana waligombea kazi na wageni. Baadaye Maystadt na Duranton wakaonyesha kwamba barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya misaada zilipunguza gharama ya usafiri, na faida yake ikabaki hata wakimbizi walipokwisha ondoka. Mambo haya mtu hayapati kwa kusikiliza maneno ya sokoni. Yataka hesabu ndefu iliyotunzwa.

Lakini Lukole yanifundisha na jambo jingine. Simon Turner, mtafiti wa Kidenmaki, alifanya kazi ndani ya kambi ile katika miaka ya 1990, akizungumza na wakimbizi. Aliwasikia wanaume wakilalamika kwamba shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limegeuka kuwa ndilo mume, maana ndilo lilishalo wake zao. Hebu niambieni, neno hilo lingeandikwa katika kisanduku gani cha kishikwambi? Kadi ya posho ilijua idadi ya midomo. Uchungu wa baba asiyelisha watoto wake haikuujua.

Kwa hiyo shauri langu ni simu na daftari pamoja. Programu kama ODK na KoboToolbox hutolewa bure, hufanya kazi hata pasipo mtandao, na maswali yake tunaweza kuyatunga wenyewe kwa Kiswahili chetu: miti mingapi ni yako, mingapi iko rehani, ardhi ya nani, umevuna pishi ngapi mbichi, makonyo umeyauza au umeyatupa. Na mwisho wa fomu pawe na nafasi ya maneno ya mwenye shamba kama alivyoyasema.

Mweka Hazina wetu asema fedha hizo zafaa majamvi, kwani karafuu zilizonyeshewa haziwezi kungoja utafiti. Asema kweli, nami sitaki majamvi yapunguzwe hata moja. Naomba simu zinunuliwe baada ya msimu, kama fedha zitabaki. Na kama hazitabaki, tuanze na moja.

Wasiwasi wa wazee ni mzito zaidi. Simu huandika hata mahali mti uliposimama, na orodha ya namna hiyo ikitoka yaweza kuzusha kesi za urithi zilizolala miaka. Sina dawa kamili. Nasema tu kwamba alama za mahali zisichukuliwe mpaka mwenye shamba akubali, majina yasitoke nje ya Chama, na mtafiti yeyote atakaye hesabu zetu aje aziombe kwa Kamati, arudi kutusomea alichokiona. Wale niliowatumikia mimi hawakurudi.

Rasimu ya maswali nimekwisha iandika, kurasa mbili. Nitaisoma ofisini Jumamosi baada ya sala ya alasiri, na nimemwalika bibi yule wa mikarafuu 14 awe wa kwanza kuikosoa.

Katibu wenu