Muuguzi na Mzigo wa Neno "Wito"

Nakiri kosa langu mapema. Miaka mitatu iliyopita, mdogo wangu wa kike alipofuzu shahada ya uuguzi, nilimtungia shairi la tarbia la beti kumi na mbili, nikalighani mbele ya jamaa waliokusanyika nyumbani kwetu Molo. Nilimwita taa, nikamwita malaika, na kibwagizo kikasisitiza kwamba kazi yake si kazi bali ni wito. Wazee walishangilia, mama akalia, nami nikarudi hapa Njoro nikijiona mshairi.

Mwaka huu, mwezi wa Aprili, alinijia chumbani moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, hata sare hajavua. Alikuwa amekesha peke yake katika wadi yenye wagonjwa zaidi ya thelathini. Mmoja alifariki alfajiri, ilhali yeye yuko kwenye kitanda cha mwingine akitafuta mshipa wa kutundikia dripu. Kulipokucha alimwambia msimamizi wake kwamba amechoka. Akajibiwa: "Kama huna wito, mbona ulisomea kazi hii?" Alinitazama, akauliza: "Kaka, lile shairi lako walilisikia wapi?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Kitenzi "ugua" huzaa "uguza", na "uguza" humzaa muuguzi. Yaani lugha yetu imemfungamanisha mtu huyu na maradhi ya wenzake tangu kwenye mzizi. Ajabu ni kwamba lugha hiyo hiyo haina neno lililozoeleka la kumweleza yeye mwenyewe anapoishiwa. Tunasema amechoka. Lakini aliyeshinda shambani naye amechoka, na akilala ataamka mzima. Hali ninayoizungumzia haiondolewi na usingizi. Mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa chuki au dhihaka, na kupungukiwa na ufanisi. Shirika hilo lilisema wazi kuwa hili ni jambo la kikazi, wala si ugonjwa. Fauka ya hayo, Herbert Freudenberger, aliyeiandikia mnamo 1974, aliiona miongoni mwa waliojitolea katika zahanati ya bure mjini New York. Hao ndio waliokuwa na wito kuliko wote!

Atakuwepo wa kunipinga, aseme kwamba tumewaona wauguzi wenye ulimi mkali kwa akina mama wanaojifungua, na kwamba wakikosa wito tutaangamia. Simlaumu. Hata hivyo, na aitazame tena ile dalili ya pili. Huenda huyo tunayemwita katili alianza kazi na moyo laini kama wa mdogo wangu, ukachakazwa zamu baada ya zamu.

Hapa Bonde la Ufa mzigo huo si wa kubuni. Hospitali kuu ya Nakuru hupokea wagonjwa kutoka Baringo, Nyandarua na Samburu, pamoja na majeruhi wa barabara ya Salgaa. Bwawa la Solai lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya arubaini, waliookolewa walipelekwa katika hospitali za mji huu. Muuguzi mchanga hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha akatakiwa kumpa mzee wa Subukia habari za msiba kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyemfunza. (Idara zetu za Kiswahili zina la kujibu hapo.) Juu ya yote, maelfu ya wahudumu wa afya walioajiriwa tangu 2020 chini ya mpango wa Afya kwa Wote waliajiriwa kwa kandarasi. Wauguzi walipogoma mwaka wa 2017 kwa takriban miezi mitano, walikuwa wakidai maafikiano ya malipo yatekelezwe. Dai la mshahara ni haki ya mfanyakazi. Likitoka kwa mwenye "wito" hugeuzwa usaliti. Ndiyo kazi ya neno hilo.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili ndio mafundi wake. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, hutakosa mashairi ya taa na malaika. Napendekeza tuyapumzishe, tutunge kuhusu kandarasi na zamu za mtu mmoja. Napendekeza pia istilahi "uchakavu wa kikazi", maana nguo haichakai kwa uvivu wake; huchakaa kwa kuvaliwa mno bila kushonwa. Wahadhiri wetu wakiwa na neno bora zaidi, na walilete.

Mkataba wa mdogo wangu unakwisha Desemba. Serikali yetu na ya Uingereza zilitia saini makubaliano ya wauguzi mnamo 2021, naye ameamua kujaribu bahati yake huko. Juzi aliniomba nimpitishie macho barua ya maombi. Katika aya ya kwanza ameandika, kwa Kiingereza sanifu, kwamba uuguzi kwake ni wito. Nilirekebisha alama za uakifishi tu, sentensi hiyo nikaiacha.