Lisansi ya simu yako: tudai kilicho chetu



Neno lisansi sisi vijana tunalijua sana: ni ile karatasi ya iniversite tunayotembeza kila ofisi, na kazi hakuna. Leo tunaongelea lisansi ingine, ile inayokaa ndani ya simu unayoshika mkononi.

Android haina lisansi moja. Chini kabisa kuko Linux, kiini kinachoendesha kamera, betri na rezo. Iko chini ya GPL toleo la 2, la mwaka 1991. Juu yake, sehemu kubwa iko chini ya Apache 2.0, ya mwaka 2004. GPL inasema: ukigawa programu hii, ugawe na kode yake. Apache inasema: chukua, badilisha, hata ufunge ukitaka, paka uheshimu majina ya wenyewe na tangazo la lisansi.

Hizi mbili hazipatani ndani ya programu moja. Masharti ya Apache juu ya patenti, GPL ya 2 haiyakubali. Ni GPL ya 3, ya mwaka 2007, njo inayakubali. Linux yenyewe ilibakia kwenye ya 2. Android inasimama sababu kode hazikuchanganywa: kila moja iko na nyumba yake, na programu za juu zinapiga hodi tu kwa kiini.

Njo maana lazima tujue cha kudai. Sehemu za juu, kampuni inaweza kuzifunga. Kiini, hapana. Anayegawa simu yenye Linux atoe kode pamoja nayo, ao aache ahadi ya maandishi ya miaka isiyopungua 3, kwa yeyote atakayeiomba. Siyo zawadi.

Inatugusa namna gani? Coltan ya Rubaya inaingia ndani ya simu za dunia, na sisi tunabakia na simu za bei ya chini zisizopata tena marekebisho ya usalama. Bila kode ya kiini, hata fundi mwenye akili gani atashindwa kuzifufua vizuri.

Kwa hiyo tunadai:
– watengenezaji watoe kode ya kiini ya kila simu wanayouza kwetu;
– serikali iwaulize mbele simu haijaingia sokoni;
– nanyi vijana mnaoandika programu, musome lisansi mbele ya kukopi. Mukichanganya Apache na GPL ya 2 peke, hamna ruhusa ya kugawa kazi yenu.

Lisansi ya shule haijatupa kazi. Hii ya simu, tusiiache ilale.