Kolonele Aliyetangulia Mbele



Mwezi uliopita, kiisha mkutano wa vijana, kijana mmoja alibaki nyuma. Wenzake walipokwisha kutoka, akanikaribia, akasema: "Pasta, niko nataka kuingia mu jeshi. Lakini mama anakatala. Anasema askari ni mwizi mwenye bunduki. Ni kweli?"

Sikumjibu palepale. Nilijua mama yake hasemi bure. Wewe pia, unaposafiri, unajua namna moyo unavyopiga ukiona kamba imefungwa barabarani na mtu wa bunduki anakuja kwenye dirisha. Lakini swali la mtoto halifai kuachwa njiani. Leo nataka kumjibu, na kukujibu wewe pia, kwa habari za mtu mmoja: Kolonele Mamadou Ndala.

Alizaliwa mwaka 1978 kule Ibambi, katika jimbo ambalo leo linaitwa Haut-Uele. Ili uelewe kwa nini watu walimpenda, lazima kwanza ukumbuke haya yetu. Tarehe 20 Novemba 2012, waasi wa M23 waliingia Goma. Jeshi letu lilikimbia. Askari wengi walifika Minova, kando ya ziwa Kivu, na kule waliiba mali ya watu, na waliwabaka wanawake na wasichana zaidi ya 100, kufuatana na uchunguzi wa ONU. Ninaandika hayo wazi, maana mama wa yule kijana hakudanganya.

Sasa angalia mwaka uliofuata. Ni jeshi lilelile, nchi ileile. Julai 2013 vita vilirudi upande wa kaskazini wa Goma, kule Mutaho na Kibati. Mamadou alikuwa kiongozi wa batalioni ya 42 ya makomando. Watu wa Goma wakaona jambo ambalo hawakulizoea: kolonele yuko mbele pamoja na askari wake, hayuko nyuma na simu mkononi. Wakaanza kuwapelekea askari maji na chakula. Na habari ilipoenea kwamba Mamadou ataitwa Kinshasa, walitoka barabarani kukataa. Fikiri kidogo, ndugu yangu. Umekwisha kuona wapi raia wanaandamana ili askari asiondoke?

Agosti walipigania vilima vya Kibati, wakisaidiwa na brigedi ya ONU yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Meja mmoja wa Tanzania alikufa katika siku zile, mbali na kwao, kwa ajili yetu. Mwisho wa Oktoba jeshi likasonga: Kibumba, Rutshuru, Rumangabo, Bunagana. Mwishowe vilima vya Chanzu na Runyoni. Tarehe 5 Novemba 2013, M23 wakatangaza kwamba wanaacha vita.

Lazima tuseme kweli: Mamadou hakushinda peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Jenerali Lucien Bahuma aliongoza kazi yote. ONU walitoa helikopta na mizinga. Wakubwa wengine walikuwa wameondolewa, na posho ilifika kwa askari vizuri kuliko mbele. Askari mwenye njaa ni vigumu kumkataza kuiba kuku wa raia.

Basi kwa nini watu waliimba jina la Mamadou zaidi? Ninyi wa mashimoni mnajua jibu kuliko mimi. Kuna kapita wa namna mbili. Mmoja anasimama juu, kwenye mdomo wa shimo, anapiga kelele: "Shukeni!" Mwingine anashuka wa kwanza, anagonga ukuta wa udongo, anasikiliza kama utashika, kiisha anaita wenzake. Wote wawili wanaitwa kapita. Lakini siku udongo unapoanza kulia, wachimbaji watasikia sauti ya nani? Hata Uria, yule askari wa Daudi, alikataa kwenda kulala nyumbani kwake wakati wenzake walikuwa wanalala uwanjani. Watu hawamfuati mkubwa kwa sababu ya nyota za begani. Wanafuata miguu yake, kuona inaenda wapi.

Tarehe 2 Januari 2014, huko Ngadi karibu na Beni, gari ya Mamadou ilipigwa kwa roketi. Akafa, na alikuwa na miaka 35 tu. Alizikwa Kinshasa kwa heshima kubwa, na kiisha kufa alipandishwa cheo kuwa jenerali. Novemba ya mwaka ule, mahakama ya kijeshi kule Beni ilimhukumu kufa luteni-kolonele mmoja wa jeshi hilohilo juu ya mauaji yake. Ni uchungu kuandika hayo. Nyota ya jenerali ilifika wakati mabega ya kuivaa hayako tena.

Najua kijana mwingine atasema: "Pasta, Goma ilianguka tena mwisho wa Januari 2025. Basi alikufa bure?" Hapana. Watu waliorudi Rutshuru wakalima mashamba yao kiisha vita vya 2013, hawakula bure. Lakini tujifunze: nchi ikimfanya mtu mmoja kuwa ukuta wake, siku akianguka, ukuta umeanguka. Shujaa anahitaji yule anayelipa mshahara bila kuukata, anahitaji mwamuzi asiyenunuliwa, na anahitaji wenzake wasiomwonea wivu.

Tena, wazazi, tuache desturi ya kungoja jeneza. Kama kuna askari katika mtaa wenu asiyeomba kitu kwa mama muuza mihogo, kama kuna kapita anayeshuka wa kwanza, umwambie asante leo, wakati masikio yake yanasikia bado.

Na wewe kijana wangu, jibu langu ni hili. Kama unataka mavazi ya jeshi ili watu wakuogope kwenye kamba ya barabarani, basi mama yako ana haki, na mimi niko upande wake. Kama unataka kwenda kwa sababu unachukia kabila fulani, baki nyumbani. Chuki si ushujaa. Lakini kama uko tayari kusimama mbele ya raia wakati risasi inakuja, na kusimama mbali na kuku wao wakati njaa inakuja, hapo tunaweza kuzungumza. Na hii ya pili mara nyingi ni ngumu kuliko ya kwanza.

Nimemwomba aje kwangu siku ya posho, pamoja na mama yake. Tutakaa watatu. Mama ndiye atasema wa kwanza.

Ya kuzungumza nyumbani: Katika mtaa wetu, ni nani anayetangulia mbele? Tumekwisha kumwambia asante?