Vidole Vikifa Ganzi, Usingoje

Je, huamka usiku ukaukung'uta mkono kwa sababu vidole vimekufa ganzi? Usiseme eti umeulalia tu. Ikiwa ganzi iko kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, huku kile kidogo kikiwa kizima, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono.

Mshipa huo hupita katika njia nyembamba pamoja na kano 9 za kukunja vidole. Ukipiga chapa saa nyingi kifundo kikiwa kimepindwa, njia huzidi kubana.

Nyoosha kifundo, wala usikiegemeze kwenye ukingo wa meza. Meza ikiwa juu mno, kalia mto. Miguu ikining'inia, iwekee kreti ya soda. Mwanafunzi, acha kuandikia kitandani. Kila nusu saa, pumzisha mikono.

Wengi huficha ganzi wakihofia kazi zao. Lakini ikiendelea, au vikombe vikianza kukuponyoka, mwone daktari. Mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usirudie nguvu zake zote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.